Maumivu ya Ubavu Yaulizwe Kabla ya Kuhukumiwa

Katika visa vyote vya riadha ambavyo walimu wa Gusii hupenda kuwasimulia wanafunzi wao, sidhani kama kuna kilichorudiwa mara nyingi kuliko kile cha Meksiko ya Oktoba 1968, ambapo Naftali Temu, mwana wa Gusii, aliipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki kwa kushinda mbio za mita 10,000, na ambapo, katika mbio hizo hizo, Kipchoge Keino, aliyekuwa pamoja na watangulizi hadi mizunguko michache kabla ya mwisho, alishikwa na maumivu makali, akaiacha njia na kuanguka ndani ya uwanja. Maradhi yake yalikuwa ya mfuko wa nyongo, ulio chini ya mbavu za kulia, na matabibu walimwonya asishindane tena katika michezo ile. Hakuwasikiliza. Siku nne baadaye alitwaa nishani ya fedha katika mita 5,000, na tarehe 20 ya mwezi ule ule akashinda mita 1,500, akimwacha Jim Ryun wa Marekani nyuma kwa umbali wa mita 20 hivi, katika mji ulioinuka mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mapafu ya mtu wa tambarare hutaabika.

Mimi ni miongoni mwa wanaowaheshimu watu hawa wawili, wala sikusudii kupunguza hata chembe ya sifa zao. Ninalolilalamikia ni matumizi ya kisa hicho. Kila msimu wa mbio za nyika unapofika, na watoto wa shule za Keumbu, huku kwetu Kisii, na vijiji vyake wanapopandishwa na kuteremshwa vilima vyetu, hutokea mmoja akasimama kando ya njia, mkono umeshika ubavu, uso umekunjamana, pumzi fupi. Na aghalabu neno la kwanza analolisikia kutoka kwa mkubwa aliye karibu ni hukumu: kwamba ni mvivu, kwamba anajifanya, kwamba Keino alikimbia na ugonjwa tumboni ilhali yeye anashindwa na kichomi. Jambo hili ni dhuluma kwa mtoto mzima wa afya. Na kwa yule mmoja miongoni mwa wengi ambaye maumivu yake ni ya hatari, laweza kuwa sababu ya mauti. Rai yangu ni kwamba maumivu ya ubavu na ya kifua yanayomjia mtu mbioni yaulizwe kwanza, ndipo yahukumiwe, na kwamba elimu ya kuyauliza ni ndogo, haihitaji mashine wala fedha, na kila mwalimu wa michezo, kila kocha na kila mzazi wa Kisii na Nyamira anaweza kuwa nayo.

Na tuanze na kichomi chenyewe, kwa kuwa ndicho kinachowashika wengi. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Australia, Darren Morton na Robin Callister, walichapisha matokeo ya kuwahoji wanamichezo wa aina mbalimbali, na miongoni mwa wakimbiaji asilimia 69 walieleza kuwa kimewapata katika mwaka uliotangulia. Waogeleaji na wapanda farasi nao hawakuwa mbali. Basi mtoto anayeshikwa na kichomi hana kasoro inayomtenga na wenzake, maana limempata lile linalowapata wakimbiaji wengi kuliko wasiolipata. Kichomi hukaa zaidi pembeni, pale mbavu zinapoishia, na upande wa kulia huuma mara nyingi kuliko wa kushoto. Kikiwa kikali huchoma kwa ncha, kikiwa chepesi hubana au huvuta. Na mara nyingine, jambo ambalo huwashangaza wengi, maumivu husikika hadi kwenye ncha ya bega. Vijana hukipata zaidi kuliko watu wazima, na mazoezi ya siku nyingi hupunguza mara zake bila ya kumwokoa mtu nacho kabisa.

Kwa muda mrefu matabibu waliamini kwamba sababu yake ni kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, kukosa damu ya kutosha pale miguu inapoidai damu yote. Na wengine walisema kwamba ini na tumbo, vikiwa vimening'inia kwa kano zake, hukivuta kiwambo kila mguu unapopiga chini. Rai zote mbili zina dosari, maana mpanda farasi hahemi kama mkimbiaji, naye kichomi humpata vilevile, na muogeleaji hana mguu unaopiga chini. Rai inayoelekea kukubaliwa zaidi siku hizi ni kwamba utando mwembamba unaolizunguka tumbo kwa ndani, ambao una neva nyingi, husuguliwa na kuudhika kiwiliwili kinapotikisika na kujipinda kwa muda mrefu, hususan tumbo likiwa limejaa. Na kwa kuwa sehemu ya utando huo iliyo chini ya kiwambo hupeleka habari za maumivu kwa njia moja na neva zinazotoka begani, ubongo hudhani kwamba bega nalo linauma.

Neno hili la tumbo lililojaa latuhusu sisi kuliko mengine. Mtoto wa shule hula githeri saa saba au saa nane mchana, sahani ya mahindi na maharage, chakula chema ila kizito, kisichotoka tumboni upesi. Kabla chakula hicho hakijatulia, kengele ya michezo inalia. Njiani kuelekea uwanjani anapitia kwenye mfereji akanywa maji mpaka yakasikika yakicheza tumboni, au, akiwa na shilingi, ananunua soda au maji ya matunda yaliyokolezwa sukari, ambayo huchochea kichomi kuliko maji matupu. Kisha anaambiwa akikimbilie kilima. Hapo mwalimu akimwita mvivu, anamlaumu mtoto kwa kosa la ratiba. Saa mbili au tatu baina ya mlo mzito na mbio, maji kwa mafunda machache machache badala ya bilauri nzima kwa mkupuo, na mwanzo wa polepole kabla ya kukazana, ni mambo sahali ambayo yangeviondoa vichomi vingi bila ya dawa yoyote. Na kikishamshika mtu, apunguze mwendo au atembee, avute pumzi ndefu na kuitoa taratibu, ainame kidogo mbele huku akipabonyeza panapouma. Baada ya dakika chache hutoweka, na mtoto hurudi njiani akiwa mzima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya mwili na unyanyasaji wa akili shuleni. Kumwongezea mzunguko wa uwanja mtoto aliyesimama kwa maumivu ni adhabu ya mwili, hata kama hakuna kiboko kilichoinuliwa.

Kuondoka upesi, basi, ndiyo alama ya kwanza ya kichomi kisicho na dhara. Ambaye maumivu yake hayaishi baada ya kupumzika, au humrudia usiku akiwa amelala, au humjia pamoja na homa na kikohozi, huyo huenda ana nimonia, au kifua kikuu kimeingia kwenye utando wa pafu, na haifai kumngojea apone kwa mazoezi. Ambaye kifua humbana na kulia filimbi muda mfupi baada ya kukimbia, hasa katika baridi ya asubuhi za huku kwetu juu, aangaliwe kama ana pumu, kwani pumu ya mbio ina dawa na mwenye nayo anaweza kushindana na yeyote. Kijana mrefu, mwembamba, anayeshikwa ghafula na maumivu ya upande mmoja wa kifua na pumzi ikamwishia papo hapo, apelekwe hospitali bila kukawia, maana pafu lake huenda limetoboka na hewa imeingia mahali isipostahili kuwapo.

Yapo pia maumivu ya ubavu wa kushoto, na haya katika nyanda zetu yana habari yake. Malaria haikai Gusii mwaka mzima kwa nguvu moja kama ikaavyo kando ya Ziwa Viktoria; hutujia kwa vipindi na kwa ghafula baada ya mvua, ikawakuta watu ambao miili yao haikuizoea, na ndiyo maana mlipuko wake milimani huwa mkali. Baada ya homa ya namna hiyo bandama, ambalo wengine huliita wengu, laweza kuvimba likateremka chini ya mbavu ambazo kwa desturi hulihifadhi, na bandama lililovimba hupasuka kwa kishindo ambacho kiungo kizima kingekistahimili: kiwiko katika mpira, au kuanguka kwenye mteremko. Mtoto aliyetoka kuugua malaria juma lililopita, ambaye anaumwa upande wa kushoto, asiingizwe uwanjani kabla ya kuangaliwa. Na akiwa amepigwa ubavuni, kisha akalalamika kwamba bega la kushoto linamuuma ingawa halikuguswa, huku akigeuka rangi na kutokwa jasho la baridi, pasiwe na shauri jingine ila gari na hospitali, kwa kuwa damu inamwagika ndani.

Nimefika sasa kwenye moyo. Tarehe 26 Juni 2003, katika uwanja wa Lyon nchini Ufaransa, Marc-Vivien Foé wa Kameruni, mwenye umri wa miaka 28, alianguka katikati ya mchezo bila ya kuguswa na mtu, asiinuke tena. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha kwamba misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kiasi, hali ambayo mtu huirithi katika ukoo na anaweza kuishi nayo miaka mingi akidhaniwa kuwa mzima kuliko wenziwe. Moyo wa namna hii haujui nchi wala kabila. Na sisi wa Afrika Mashariki tunao moyo mwingine ulio hatarini, ule unaoharibiwa na maumivu ya koo ya utotoni yaliyopuuzwa: mtoto hupata uambukizo wa koo, asitibiwe, baada ya majuma machache viungo vikamvimba na kuuma, kisha vali za moyo zikaliwa kidogo kidogo kwa miaka, mpaka siku moja mbio ambazo wenzake wanazimudu zikamshinda yeye. Penisilini, dawa ya bei ndogo, ingeyazuia yote hayo kama ingetolewa mapema. Ninapomsikia mwalimu akimkemea msichana wa darasa la saba kwa kuwa pumzi humwishia kabla ya wengine, hofu yangu ni kwamba pengine hakuna aliyewahi kuusikiliza moyo wa msichana yule.

Alama za moyo hazifanani na za kichomi, na kila mkubwa aliye uwanjani azishike kwa kichwa. Maumivu ya moyo hukaa zaidi katikati ya kifua, nayo hubana na kulemea. Huja pale juhudi inapofikia kilele. Hufuatana na kizunguzungu, au mapigo yanayokwenda ovyo, au pumzi iliyoisha kupita kiasi cha kazi iliyofanywa. Na lililo kubwa kuliko yote ni kuzimia. Anayezimia mbio zikiendelea, si baada ya kufika na kusimama juani, asirudishwe uwanjani siku hiyo wala siku nyingine mpaka daktari amempima moyo, hata kama ameinuka mara moja akicheka na kusema kwamba hana neno.

Kuna swali moja ambalo ni gumu kuuliza huku kwetu kuliko kwingine, nalo ni hili: je, katika ukoo huu yuko aliyekufa ghafula akiwa kijana? Ni gumu kwa sababu kifo cha ghafula cha kijana mwenye nguvu, Gusii, hakikubaliwi upesi kuwa ni maradhi. Hutafutwa mkono wa mtu, na mkono huo mara nyingi huonekana kuwa wa mama mzee asiye na mtetezi. Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, akina mama wazee wanne waliuawa kwa tuhuma za uchawi, na hawakuwa wa kwanza katika nchi yetu. Sisemi kwamba nyuma ya kila tuhuma kuna ugonjwa wa moyo. Ninalolisema ni kwamba ndugu wawili wa nyumba moja wakianguka na kufa kabla ya miaka 50, mmoja akikata kuni na mwingine akicheza mpira, jambo la insafu kwa walio hai, na kwa majirani wao pia, ni kuwapima moyo wale watoto waliobaki, kwa kuwa ugonjwa unaorithiwa haungoji kutumwa na mtu.

Wala maneno haya yasiwahusu watoto peke yao. Kwa watu wengi wa Keumbu mazoezi si jezi wala filimbi. Mazoezi ni mkungu wa ndizi uliobebwa kutoka shambani mpaka kwenye soko la barabara ya Kisii na Keroka, ni gunia la majani chai, ni mtungi wa maji uliopandishwa kilima kutoka kwenye chemchemi. Na hapa ile alama ya kwanza niliyoitoa, ya maumivu kuisha baada ya kupumzika, haitoshi, bali yaweza hata kudanganya. Mama wa miaka 55 ambaye kila apandapo na mzigo kifua humbana katikati, akasimama, kikaachia, akaendelea, kisha kikambana tena kwenye mwinuko unaofuata, hana kichomi. Mishipa inayoulisha moyo wake imekuwa myembamba, na moyo unaomba damu ambayo haufikishiwi. Atakwambia kuwa ni gesi, au ni kiungulia, au ni uzee. Atanunua dawa ya tumbo dukani na kuendelea kubeba. Wanawake, zaidi ya wanaume, huweza kuupata ugonjwa huu bila ya maumivu makali ya kifua, wakahisi tu uchovu usio na sababu, kichefuchefu, pumzi fupi, au uzito kwenye taya na mgongo. Shinikizo la damu na sukari hupimwa katika hospitali ya Keumbu, na mwenye dalili hizi asingoje siku ambayo maumivu yatakataa kuondoka. Yakikataa kwa zaidi ya dakika 15 hiyo ni dharura, apelekwe siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, kwenye Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, asipewe chai ya tangawizi na kulazwa kitandani.

Huenda mtu akasema kwamba nikisikilizwa mimi watoto wataharibika kwa kudekezwa, na nchi iliyomtoa Nyandika Maiyoro, aliyekuwa wa saba katika mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956, Kenya iliposhiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, itakosa wakimbiaji. Sioni hivyo hata kidogo. Anayefundishwa kuujua mwili wake hukimbia kwa miaka mingi kuliko anayefundishwa kuuogopa au kuukana. Atajua kwamba kichomi kitapita, naye atakivumilia kwa utulivu kwa sababu amekifahamu, na ustahimilivu wa mwenye kufahamu ni imara kuliko wa mwenye kutishwa. Hata Keino, matabibu walimwangalia kwanza. Alichagua akiwa mtu mzima, akijua jina la ugonjwa wake. Mtoto wa miaka 12 aliyeshika ubavu kwenye kilima hana daktari mbele yake, hana jina la ugonjwa, na uchaguzi si wake.

Italia imewalazimisha kwa sheria, tangu mwaka 1982, wanaoshindana katika michezo kupimwa afya na umeme wa moyo, na vifo vya ghafula vya vijana wanamichezo katika jimbo la Veneto vimepungua sana tangu hapo. Sisi hatuna uwezo wa kumpima hivyo kila mtoto wa Kisii na Nyamira, na kudai jambo hilo leo ni kudai lisilowezekana. Lakini barua yenye maswali matatu kwa mzazi yawezekana: je, mtoto wako amewahi kuzimia au kuumwa kifua akikimbia; je, katika ukoo wenu yuko aliyekufa ghafula kabla ya kufika miaka 50; je, mtoto ameugua malaria au homa ya viungo mwaka huu? Watakaojibu ndiyo watakuwa wachache, na hao wachache ndio wa kupelekwa kwa tabibu kabla ya kuvishwa namba ya mashindano. Lawezekana pia fundisho la kuokoa. Tarehe 12 Juni 2021, huko Copenhagen, moyo wa Christian Eriksen wa Denmark ulisimama mchezoni mbele ya macho ya dunia, na waliokuwa karibu naye wakaanza kumkandamiza kifua bila kuchelewa, mashine ya kuushtua moyo ikatumika pale pale uwanjani, naye akazindukana na mwaka uliofuata akarudi kucheza. Mashine hiyo hatunayo katika viwanja vya shule, ila mikono tunayo: katikati ya kifua, kwa nguvu, kina cha sentimita tano au sita kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila ya kuacha mpaka msaada ufike.

Naziomba ofisi za elimu za Kisii na Nyamira zipeleke barua hiyo ya maswali matatu shuleni kabla ya msimu ujao wa mbio za nyika, na naiomba hospitali ya Keumbu itoe tabibu mmoja, kwa alasiri moja, awafundishe walimu wa michezo wa shule zilizo jirani namna ya kukandamiza kifua.